Ndakala ya Mbele ya Vita

Asende mujukuu wangu,

Huku Baraka tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume. Unauliza ufanye nini na mutu mwenye alikopa viatu kwako na sasa anakukimbia.

Mi pia nilikimbiaka. Tulirudi kutoka ukimbizini mikono mitupu, na mvuvi mumoja wa Ubwari alikuwa ananidai mifuko tatu ya ndakala, dagaa zile za kukausha, nilizokopa mbele vita haijaanza. Boti yake ikifika, mi naacha soko. Siku moja akanikuta nyumbani. Akatua mufuko mwingine, akasema: "Mama, usipouza, utanilipa na nini?"

Nililipa kidogo kidogo, miaka mbili. Nilipomaliza, akauliza: "Sasa nitapitia kwako juu ya nini?"

Nikaweka chai kwa moto.

Mi bibi yako, mwenye alikimbiaka deni