Slabu Uliyoipima kwa Maji

Mpendwa Mama,

Najua huko uliko ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula, tena chapati na ndengu, mpaka mshipi umelegea. Sasa sikiliza maajabu: siku hizi wanatengeneza magari yasiyo na dipstiki.

Hukuwahi kuwa na gari, lakini dipstiki uliijua. Ulikuwa ukisimama na kiondo chako pale gereji yangu Kwa Vonza, unanitazama nikichomoa ile waya, naipangusa, naitumbukiza tena, naangalia oili imefika wapi. Siku moja ukasema, "Kumbe ni kijiti changu cha pipa la maji!" Nikacheka mpaka wateja wakageuka.

Basi dada Kavata amenunua kigari, mitumba ya Japani. Anachukua kuku Tseikuru, anauza huku. Juzi kikaanza vituko: ukitia gia kinafikiria kwanza, halafu kinaruka kama mbuzi. Nikamwambia, "Dada, umefika kwa mwenyewe. Mikono hii imefungua injini Emali, imefungua Mombasa, imefufua lori la Mganda ambalo Waganda wenyewe walishalililia." Nikainua boneti nitafute dipstiki ya giaboksi. Mama, nilitafuta kama mtu aliyeangusha jino kwa mchanga.

Nikampigia rafiki yangu wa Emali, yeye amezoea haya magari mapya. "Haina hiyo," akasema. "Weka gari mahali tambarare, iache ingurume, giaboksi ikiwa vuguvugu uingie chini ufungue kinati cha kupimia. Oili ikichuruzika kama uzi, imetosha. Isipotoka, ongeza mpaka itoke." Si ni ajabu? Unajua imejaa kwa sababu inakataa zaidi!

Neno tambarare nililisikia, lakini halikuingia. Nikafungua pale pale gereji. Oili ikamwagika shwaa.

"Imezidi hii," nikatangaza. "Tunapunguza."

Kavata alikuwa amechuchumaa kando. "Musyoka, na mbona gari imetazama juu?"

Kweli, gereji yangu ni mteremko. Wewe ulizoea kusema nati ikiniponyoka itanunuliwa sokoni kabla sijaifikia. Oili yote ilikuwa imekimbilia upande wa tundu. Ningepunguza tena, giaboksi ingeungua, na Kavata hana uwezo wa kununua nyingine. Kuku nao hawatembei wenyewe kutoka Tseikuru.

Nikafunga haraka, nikaanza kutafuta tambarare na chupa ya maji nusu, nailaza chini hapa na pale kama mganga. Uwanja wa shule, mteremko. Sokoni, mteremko. Mama, hivi sisi tumeishi maisha yetu yote tumeinama?

Hapo ndipo nikakumbuka slabu ya kanisa, ile sakafu ya zege.

Unakumbuka vile nyinyi akina mama mlibeba mchanga kutoka mtoni kwa karai, safari juu ya safari? Fundi wa ujenzi akasema iko sawa kabisa. Hukubishana naye. Ilipokauka ukamwaga maji katikati, ukachuchumaa. Jua lilikuwa kali, nikasema twende. "Eteela," ukaniambia. "Ngoja yatulie." Katikati yalitulia. Kona ya mlango yakakimbia, na fundi akairudia huku akinung'unika.

Kuta hazijajengwa bado. Nikamwendea Mama Mwikali, ndiye mwenyekiti wenu sasa.

"Gari kwa slabu ya Bwana?"

"Ni kigari kidogo tu, Mama. Hata hakijabatizwa."

"Tone moja likianguka, Musyoka, utasugua na sabuni mpaka Yesu arudi."

Nikaenda na karai lako la mchanga, likinge oili. Kwanza nikamwaga maji vile ulivyofanya. Yakatandaa, yakatulia. Nikapandisha kila gurudumu juu ya ubao, mbao zote unene mmoja, nikayazuia magurudumu kwa mawe. Mashine ya kupima joto niliyochomeka kwenye gari ikasema giaboksi ni moto mno. Mkono ulikuwa tayari kwa spana, unaujua mkono wangu.

"Eteela," nikasema.

Kavata akanikodolea macho. "Wewe? Wewe ndiye unasema eteela?"

Tukakaa ukingoni mwa slabu tukacheka, kila mmoja anajua ni sauti ya nani hiyo.

Ilipofika vuguvugu nikafungua. Haikutoka hata tone, Mama! Ilikuwa imepungua muda wote huo. Nikaongeza polepole mpaka ule uzi ukashuka ndani ya karai lako. Kavata ameshaenda Tseikuru na kurudi, na gia inaingia kimya.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mimi nimezunguka dunia, nimekaa na mafundi wa kila kabila. Wewe kupima sakafu kwa maji, nani alikufundisha? Mbona sikuwahi kukuuliza?

Tulipoondoa gari, maji yako yalikuwa bado pale chini, duara lile lile, hayajaenda popote. Mama Mwikali akaleta tambara apanguse. Nikamwomba ayaache yakauke yenyewe.

Lala salama, Mama. Karai nimelisugua, limerudi jikoni.

Ni mimi kitinda mimba wako, mwenye mdomo.