Mama, Nimeikataa Zawadi ya Kaka Deo

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa! Kila niliyemwambia alikuwa anajua tayari, wewe tu ndiye hujui. Anaitwa Anselmi, analima mpunga Chekereni, ana mwanya, na akicheka, Mama, nasahau nilichokuwa nasema.

Sasa nakaa huku tambarare. Asubuhi nachota maji ya mto Rau kwenye mfereji wa shamba, nikiwaza kwamba ndiyo haya haya yaliyopita kwetu Uru, pale ulipokuwa ukiosha magimbi umekunja kitenge magotini. Nanawa uso taratibu. Anselmi hunitania, "Unamsalimia mama mkwe wangu? Mwambie atuongezee kidogo." Ni utani, lakini kweli hayatoshi. Mwaka huu majaruba ya mwisho hayakupandwa, yameota magugu tu.

Kwetu nako kumebadilika. Bei ya kahawa iliposhuka, Kaka Deo aling'oa mibuni yote ya upande wa chini, akapanda nyanya mpaka ukingoni mwa mto. Matete tulimokuwa tukijificha hayapo. Mvua za vuli zinachelewa, kisha zinamwagika kwa siku moja na kuondoka na udongo. Hata kilele cha Kibo kina weusi mwingi kuliko ulivyokiacha, theluji imepungua. Simlaumu kaka, ana watoto shuleni. Ila pale chemchemi imebaki miringaringa yako miwili tu, ile uliyotukataza kuvunja hata kijiti. "Acheni, hapo maji yanalala."

Juzi nilipokwenda kusalimia, Kaka alinipeleka pale kwa furaha, akaipiga kofi ile miti. "Kitanda chako hiki, na kabati. Mwenye msumeno anakuja kesho. Dada yangu hawezi kulala chini kama asiye na kwao!"

Mama, nilikitamani kile kitanda. Mbao za mringaringa! Lakini nikaona maji yanavyotoka chini ya mizizi, membamba kama uzi. Na kukataa zawadi ya kaka, tena ya harusi, unajua mwenyewe ni tusi gani.

Nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama ulivyonifundisha, nikapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Nani kwetu hulikataa isale la msamaha? Akalipokea, akaligeuzageuza.

"Unaniomba msamaha wa nini wewe?"

"Naomba usinipe kitanda, Kaka. Iache miti ya Mama."

Akacheka huku anafuta macho. "Haya. Kalale chini na bwana mpunga wako!"

Basi nalala chini, Mama. Godoro letu liko sakafuni, na nina furaha mpaka naona aibu kukuandikia. Lakini furaha hii imekosa mtu wa kuipokea. Natamani ungetokea mlangoni na kikapu chako, bila hodi, useme tu, "Sogezeni godoro, nikae." Ningekuonyesha kila kitu. Hata sufuria mpya.

Pumzika hapo migombani, Mama yangu. Masika yakianza, mimi na Anselmi tutapanda kuja Uru na miche ya mikuyu, na Kaka amekubali kuziondoa nyanya ukingoni. Nakuahidi. Ukisikia majembe karibu na chemchemi, usishtuke. Ni sisi.

Binti yako,
Restituta