Vidonge Vinne Kila Siku

Elburgon,
Juni 2008

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Wundanyi, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa. Kabichi zimeshika? Huku kwetu ukungu unashuka asubuhi kutoka msituni mpaka huoni lango la kiwanda. Mimi ni mzima. Najua neno hilo utalisoma mara mbili, kwa hiyo nalirudia: mimi ni mzima, na nafanya kazi.

Barua yako ya Aprili niliipata. Ulisema nirudi nyumbani nipumzike, na kwamba Kaka Mghanga ameshasafisha chumba cha Baba kwa ajili yangu. Nilikaa nayo mfukoni siku nyingi nikishindwa kujibu. Najua ulichokuwa ukikiona. Baba alipofikishwa hospitali, koo lilikuwa limeshafunga, hata uji haupiti, na lile neno saratani tulilisikia siku chache tu kabla ya kumzika. Kwako wewe neno hilo na matanga ni kitu kimoja. Hata kwangu lilikuwa hivyo. Acha nikueleze toka mwanzo, maana kwa simu nilikutajia jina la ugonjwa tu, mengine nikakuficha.

Mwaka jana nilianza kuchoka. Unajua kazi yangu ni kunoa misumeno ya kupasulia mbao. Nikawa nanoa mmoja, halafu nakaa chini kama mzee. Suruali zikalegea, lakini upande wa kushoto, chini ya mbavu, tumbo likawa gumu kama lina jiwe. Nikatibiwa malaria mara tatu. Mwishowe mwenye kiwanda, yule Kalasinga niliyekwambia habari zake, Mzee Harbans, akanisimamisha uani. "Mwakio, hii si malaria. Panda gari." Akanipeleka mwenyewe Nakuru kupimwa damu. Nakuru wakanituma Nairobi, na huko daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akaniambia ni saratani ya damu.

Nikamwuliza, "Nimebakiwa na muda gani?"

Naye akauliza, "Mama yako yuko?"

"Yuko."

"Ana ugonjwa wowote?"

"Ana presha. Miaka mingi sasa."

"Imepona?"

"Haiponi, daktari. Anameza dawa tu."

"Na siku hizi anafanya nini?"

Nikamwambia unalima kabichi, na ukikasirika sauti yako inafika ng'ambo ya bonde. Akacheka.

"Basi ugonjwa wako nao ni wa kuishi nao. Si saratani zote ziko hivi, nisikudanganye. Lakini hii yako kuna dawa ya kuituliza. Haitoki, inatulia. Ukimeza kila siku na kuja tupime damu, unaweza kufanya kazi, ukaoa, ukazeeka. Ukiacha, itaamka."

Dawa yenyewe ni vidonge vinne kila siku baada ya chakula, na maji mengi. Tunapewa bila malipo pale kliniki, vya mwezi mmoja mmoja. Mwanzoni vilinitesa: kichefuchefu, macho yamevimba asubuhi kama mtu aliyelia, misuli ya miguu inakaza. Lakini lile jiwe likaanza kupungua. Kufikia Krismasi nilikuwa nainua msumeno mkubwa peke yangu.

Halafu ukaja uchaguzi na yale yaliyofuata. Mengi mliyasikia redioni. Barabara ya kwenda Njoro ilizibwa kwa mawe na magogo, kiwanda kikafungwa, na vijana wakawa wanasimamisha watu kuuliza kabila. Tarehe yangu ya kliniki ikapita nikiwa nimejifungia ndani. Nilibaki na vidonge vya siku sita. Nikaona nitumie akili, nikawa nameza viwili badala ya vinne ili vifike mbali. Nilipompata daktari kwa simu, nilimwambia hivyo kwa majivuno kabisa. Siku hiyo hakucheka.

"Nani alikwambia upunguze?"

"Mimi mwenyewe, ili vitoshe."

"Mwakio, ukimeza kidogo kidogo ugonjwa unaizoea dawa. Meza vinne mpaka viishe. Vikiisha, kaa bila. Siku chache hazitakuua. Njia ikifunguka tu, njoo."

Vikaisha. Nilikaa siku kumi na moja bila dawa, Mama. Kila asubuhi najishika chini ya mbavu kuona kama jiwe limerudi. Nikipiga miayo, nasema ndio huo, ugonjwa umeamka. Hata kupika niliacha, nikawa nalala tu mchana kutwa, nangoja. Siku ya kumi na mbili Mzee Harbans akanipatia nafasi kwenye lori lililokuwa linasindikizwa na polisi mpaka Nakuru, na kutoka hapo nikafika Nairobi.

Kwenye benchi la kliniki nikamkuta Mama Nyokabi. Huyu ni mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, ana ugonjwa kama wangu, mwaka wa tano sasa, na ndiye aliyenifundisha kumeza vidonge baada ya ugali badala ya chai tupu. Simu yake ilikuwa imezimwa mwezi mzima, nami nilishaamini ameuawa. Nyumba yake ilichomwa. Sasa analala kwenye hema kambini Nakuru. Nikamwuliza alitoka na nini.

"Wajukuu wawili na hii," akasema, akafungua pindo la leso. Ilikuwa chupa ya dawa. "Sufuria nitanunua. Godoro nitanunua. Hii nitaipata duka gani?"

Nikamwuliza anajisikiaje. Akanieleza habari za mbegu: atazipata wapi na mvua inakaribia, na jinsi alivyoomba kipande cha ardhi nyuma ya hema apande sukuma wiki. Alizungumza mpaka muuguzi akaita jina lake. Ugonjwa hakuutaja hata mara moja. Akainuka, akakunja mkono wa sweta, akaenda kutolewa damu. Nilimtazama nikaona aibu. Nyumba yangu ilikuwa imesimama, nami ndani yake nilikuwa nimejiwekea matanga.

Damu yangu ilikuwa imeharibika kidogo. Kufikia Aprili ikatengemaa tena. Sijui itakuwa miaka mingapi, na daktari naye hajui. Anasema siku moja dawa hii inaweza kukataa, halafu tutatafuta nyingine. Sikufichi tena.

Kwa hiyo nisamehe, Mama, siwezi kuja kupumzika. Nakuja kukuona. Nimepewa likizo ya wiki mbili mwezi wa Agosti, katikati ya kliniki moja na nyingine. Usiwaite watu wa kanisa wanizunguke kitandani. Kama paa la jiko bado linavuja, mwambie Kaka aniwekee misumari.

Nisalimie Kaka Mghanga na shemeji, Shangazi Mkawasi aliyekuwa akininyoa nywele mpaka nilipobalehe, na mdogo wangu Wakesho, asome kwa bidii, mtihani wa darasa la nane hauko mbali. Jirani wakiuliza, waambie ukweli: ana saratani, anameza dawa, yuko kazini.

Nikifika Nairobi nitakata tikiti mbili za basi, ya kuja na ya kurudi.

Ni mimi mwanao,
Mwakio