Matairi ya Baridi Niliyoyakataa

Huku Kanada, Jumapili baada ya ibada

Kwako Mama, Mwaitu wangu,

Natumai barua hii imekufikia ikiwa bado imefungwa. Kabla hujaendelea, itazame bahasha. Nimeipaka gundi pande zote, na juu ya gundi nimebandika utepe. Dada wa kanisani aliyekubali kukuletea ni mtu mwema na anaimba vizuri sana, lakini mtu akiniuliza mara mbili, "Kuna nini ndani?" nami namtazama mara mbili. Ukiona utepe umeinuliwa, niambie.

Haya, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unajipaka mwenyewe, au umeshampa Mama Atieno wa mlango wa pili? Usinijibu kwa simu. Wewe simu yako unaiweka sauti ya juu, ploti nzima inanyamaza kunisikiliza, na kabla sijakata, watu wa Shauri Moyo wameshajua nimekula nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama watu wa zamani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya kutunza wazee inakwenda, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira zake.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza mbona picha za gari ninazokutumia zote zinaishia kwenye milango. Ulisema, "Ndunge, hilo gari lako halina miguu?" Nikacheka, nikakuuliza habari za kwaya. Ukaniacha, lakini nilijua hukuniacha. Ulikuwa na shaka, na shaka yako ilikuwa na haki yake. Nilikuwa nakuficha matairi.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya kijivu, niliyouziwa na mjane mmoja wa hapa mjini. Wazee ninaowahudumia wanakaa mashambani, na kutoka nyumba moja hadi nyingine ni safari. Injini haina neno. Tatizo ni kwamba inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kama ile aliyokuwa akiendesha Baba, na huko nyuma hakuna uzito wowote. Watu wote waliniambia kuwa theluji ikianguka, pikapu ya namna hiyo itakuwa inanipeleka inakotaka yenyewe, kwa hiyo nitafute matairi ya baridi mapema. Watu wote, Mama. Nami nikisikia watu wote wanasema neno moja, najiuliza walipatana wapi.

Wa kwanza alikuwa Otieno, yule kijana wa Dandora niliyekuambia tunasali naye. Aliniambia ninunue matairi ya baridi kisha niweke magunia ya mchanga nyuma, juu ya magurudumu, ili gari likae chini. Nikamtazama. Nikamuuliza, "Otieno, unajenga wapi?" Akasema hajengi. "Sasa huo mchanga unataka nikubebee wa nini?" Alicheka hadi akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha. Nairobi nimebebeshwa mizigo ya watu kwa maneno matamu kuliko hayo.

Mwishowe nikaenda kwenye duka alilonielekeza. Mwenye duka ni mzee mwenye masharubu meupe, mpole, na upole wa muuzaji unaujua. Akasema nahitaji manne. Nikamwambia gari linasukumwa na ya nyuma, basi nipe mawili ya nyuma. Akasema hapana, ya mbele ndiyo yanayopinda kona na kusaidia kusimama. Nikiweka mawili tu, nusu ya gari itasimama na nusu itaendelea na safari. Nikajisemea, huyu ameona mgeni. Hata hivyo nikamwambia ayalete niyaone.

Akalilaza moja mbele yangu chini ya taa. Mama, nywele zilinisimama. Tairi zima lilikuwa limechanjwachanjwa. Juu ya kila jino la mpira kulikuwa na mikato myembamba, mingi, imepangana kama ya wembe. Nikabonyeza ukucha, ukucha ukazama. Mpira laini! Kwetu mpira laini ni mpira uliopashwa moto ukakatwa. Nikanusa. Nikamuuliza, "Nani ameyachonga haya?"

Yeye akadhani namsifia. Akasema kwa furaha, "Yanakuja hivyo kutoka kiwandani."

"Kiwanda gani kinachokata tairi jipya kwa kisu?"

Sikungoja jibu, nikatoka nje. Niliona tena lile tairi la Baba tulilooneshwa pale kituo cha polisi, wewe ukiwa umenishika mkono na mimi nimevaa sare ya shule. Tajiri yake, mwenye biashara ya mbao, alikuwa amechukua matairi kipara, akayapeleka kwa wale wa kisu cha moto wakayachonga meno upya, wakayapaka rangi ya viatu yakang'aa. Fundi aliufunua mpira kwa bisibisi, tukaona kisu kilivyofika hadi kwenye nyaya. Baba aliondoka nayo asubuhi kwenda Machakos na hakufika.

Tangu siku hiyo wewe hupandi gari bila kuinama. Hata la harusi ya Kaka Kioko uliinama ukiwa na kitenge kipya, bibi arusi anangoja, watu wanacheka, nawe ukapitisha kiganja kwenye kila tairi. Ukatuapisha sisi sote kwamba hakuna mtu wa nyumba yako atakayekalia tairi la kuchongwa. Sasa ningeyafunga yale vipi?

Otieno nilimpigia simu nikamfokea. Akasema, "Manze Ndunge, hizo si za kuchongwa. Ndio design yake, ni za snow. Punguza ushuku, dadangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Nikamwambia aliyeumwa na nyoka ndiye aliyeumwa, yeye aendelee kucheza na unyasi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba anapata kitu kidogo kwa kila mgeni anayempeleka pale.

Nikaenda duka lingine, upande wa pili wa mji, nikachagua kwa macho yangu. Nilipata matairi mawili mazito, magumu kama mguu wa meza, yana meno makubwa mapana yasiyo na mkato hata mmoja. Yale ambayo kwetu mtu akiyaona kwenye pikapu ya kwenda Kitui wakati wa masika anasema, "Huyo anajua." Kijana wa pale akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu si ya baridi. Nikamwambia tairi nalijua tangu nikiwa mdogo. Yakafungwa nyuma. Niliyapapasa, nikaridhika, na siku hiyo hata nilitaka kukutumia picha. Afadhali sikukutumia.

Theluji ikaanguka. Nilikuwa nampeleka kliniki bibi mmoja ninayemtunza, anaitwa Dorothy, mjane mwenye nyonga mbovu, mdomo wake mkali kama wako. Tulikuwa tunashuka kilima kidogo, wala si kilima cha kutajwa, na chini kuna njia panda. Nikagusa breki. Niligusa tu, Mama, sikukanyaga. Nyuma ya gari ikataka kuipita mbele. Nikazungusha usukani huku, gari likaenda kule, nikaona njia panda inakuja, kuna lori linapita, na mimi sina gari, nina kitu kinachoteleza. Nilipiga kelele, "Ngai!" Tukazunguka, tukaingia kwenye mtaro wa theluji kinyumenyume, tukasimama.

Lori lilikuwa limeshapita. Kama tungetangulia kidogo tu, barua hii ingeandikwa na mtu mwingine. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulisema peke yangu kitandani.

Dorothy hakulia. Alirekebisha kofia yake akasema, "Angalau sasa tunaangalia upande wa nyumbani." Kisha akaniuliza nimefunga matairi gani. Nilipomwambia nimekataa yale yenye mikato na sababu yake, alinishika mkono. Akasema, "Binti, ile mikato ndiyo inayoshika theluji. Nenda kwa yule mzee wa masharubu." Nikamuuliza anamjuaje. Akasema ni mpwa wa marehemu mumewe. Nikajua tu! Mji huu wote ni ndugu. Hata ndani ya mtaro bado nilipata nafasi ya kumshuku.

Lakini nilikwenda. Sikwenda kuamini, nilikwenda kukagua. Yule mzee hakunicheka. Nilimweleza habari ya Baba, akavua kofia. Akanitoa nje uani, kwenye baridi, ambako tairi la mikato na tairi kama yale yangu yalikuwa yamelala usiku kucha. Akasema, bonyeza. Langu lilikuwa limekuwa jiwe, ukucha ungevunjika. Lile la mikato lilibonyea kama sandali ya mpira. Akaniambia kwamba kwenye baridi hii mpira mgumu unakufa, hauwezi kukamata kitu, hata uwe na meno ya mamba. Halafu akalikunja lile jingine kwa goti, mikato ikafunguka, akanipa tochi. Nilichungulia mmoja baada ya mwingine. Ndani ulikuwa laini, umetoka hivyo kwenye kalibu ya kiwandani, na chini yake kuna mpira mnene bado. Si mkato wa kisu. Wa kisu naujua, na wewe unaujua.

Hata hivyo nilimwambia sitaki haya ya uani, niletewe mengine yenye karatasi zake za kiwandani. Akaleta. Nikakaa kwenye kiti karakanani nikitazama yakifungwa, yote manne. Waliniletea kahawa nikaikataa, kwa sababu mtu akiinamia kikombe, tairi linaweza kubadilishwa. Fundi alinitazama kama mgonjwa. Na atazame.

Kisha nilimwita Otieno, na magunia yake ya mchanga, tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya kanisa. Yeye akasimama pembeni, mimi nikaendesha na kukanyaga breki, nikaendesha na kukanyaga. Gari likasimama. Mara ya kwanza nikadhani ni bahati. Nilirudia mpaka Otieno akapiga kelele kwamba miguu yake imekufa ganzi. Kesho yake nikashuka kile kilima peke yangu, polepole, nikagusa breki palepale. Likashika, likatulia, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nililia pale njia panda na taa za hatari zinawaka. Sasa Dorothy napanda naye kila wiki, na yeye hufunga mkanda bila kunitazama.

Basi ndiyo hiyo, nimekuambia. Binti yako anakalia matairi yenye mikato, na ndiyo yaliyomweka hai. Ukikasirika, kasirika, lakini kasirika ukijua kila kitu. Otieno nimemwomba radhi, ingawa bado sijaamini kwamba hapati kitu pale dukani.

Salamu nazitoa sasa hivi, kwa sababu la mwisho ni lako peke yako. Nisalimie Kaka Kioko, mchonga vinyago wetu, na mkewe anayemvumilia na vumbi lake. Msalimie Shangazi Mwikali, karani wa Makadara, mwambie sijaolewa na sijasahau kuolewa. Msalimie Mama Atieno, jirani asiyesoma barua za watu ila huwa anajua zilichosema. Na kama ni Kioko anayekusomea, mwambie aishie hapa akupe karatasi. Vaa miwani yako, Mama, usome mwenyewe.

Tangu tulipomzika Baba una neno moja. "Siku ile sikuinama." Ulikuwa unamfungia chai kwenye chupa, gari linanguruma nje, tajiri anapiga honi, ukampa chupa dirishani na hukutazama chini. Nimelisikia neno hilo nikiwa mtoto, nililisikia tena mwezi uliopita, na kila mara nimekosa la kukujibu. Leo ninalo.

Mimi nimelelewa na macho yako. Nilisimama dukani chini ya taa, sina haraka, hakuna aliyenipigia honi, tairi liko mikononi mwangu. Nikalichukua zuri nikaliita baya. Nikalichukua baya nikaliita zuri, nikapanda na ajuza wa watu. Na hapo hakuna aliyekuwa akinidanganya. Yale ya Baba yalipakwa weusi na mtu aliyekusudia yasijulikane, na akafanya kazi yake vizuri. Ungeinama asubuhi ile, ungepitisha kiganja, ungeona matairi mapya yanang'aa, na ungefurahi kwamba tajiri hatimaye amefanya la maana. Ungempa chai yake, Mwaitu, ungempungia mkono, na angekwenda vilevile.

Ni mimi, mwanao mwenye shuku zako zote na upendo wako wote,

Ndunge