Alisema Nitoe Mawe

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia chooni kazini.

Bosi amenigeuka. Mbele ya wageni wote waliokuja kuona kazi yetu!

Unazijua zile video za droni, tunazopiga ili kupima kasi ya mkondo kwenye mlango wa bahari maji yakijaa kwa kasi na kuzunguka kama yanachemka? Nimekuwa nakata kila kipande chenye mwamba. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama Pacha, toa hayo mawe, wageni wanataka kuona maji." Nikatoa. Kompyuta ilipojaa, nikafuta na zile za mwanzo, zisizokatwa.

Leo mgeni mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Kasi ya mkondo mliipataje? Bila kitu kilichotulia kwenye picha, huenda iliyosogea ni droni, imesukumwa na upepo."



Bosi akanigeukia, anacheka. "Muulizeni huyu. Ndiyo shida ya watu wa masomo ya jioni."

Masomo ya jioni! Kayasema hayo, mwenzangu. Mimi niliyesoma huku nanyonyesha wawili!

Nikafungua mdomo nimtaje. Nikakumbuka mkataba wangu unaisha, na wa kutia saini ni yeye. Nikasema, "Samahani, nilikosea mimi."

Samahani. Mimi!

Wageni walipotoka akaninong'oneza, "Umeniokoa, mama. Sitakusahau."

Unajua kinachoniuma zaidi? Nilimjibu asante. Na moyo wangu, mjinga huu, ukafurahi.