Wawili wa Rangi ya Majivu

Jumanne, 3 Juni
Majani ya viazi, maji, kufagia banda. Baridi imeshika magoti. Sungura wazima wote. Dume langu Padri linakula kuliko mkwe wangu. Jeusi tii mpaka kucha, kama kanzu za mapadri wa zamani, ndiyo maana ya jina.

Mchana nilikwenda kwa Sabina kuona watoto wa jike lake. Mwezi wa nne alilileta kwa Padri. Hapa Msamala tunajua: mwenye dume anachagua mtoto mmoja wakiacha kunyonya. Jike lake nalo jeusi. Nikafunua kiota. Weusi watano, na mmoja rangi ya majivu ya jikoni.

Nimelima mahindi Maposeni tangu sina matiti. Punje ya njano kwenye gunzi jeupe imeletwa na upepo kutoka shamba la jirani. Hapa upepo ni lile dume la jirani, nyuma ya uzio wa Sabina, lenye rangi ya sungura wa porini. Na Sabina banda la jike lake analifunga kwa kamba ya katani. Uzembe.

Alhamisi, 5 Juni
Jumuiya ilikuwa kwa Mama Kasiani. Baada ya sala, chai. Sabina akaniuliza mbele ya wote, "Mama Kizito, utakuja lini kuchagua wako?" Nikamwambia sichagui chotara. Jike lake limetembea nje.

Akasema jike lake halijatoka bandani.

Nikasema jike linajifunza kwa wenye nyumba.

Wanawake wakaangalia vikombe vyao. Binti yake Agata alikuwa pale pale na mtoto mgongoni. Mtoto ambaye baba yake hatumjui. Sabina akaweka kikombe chini, akamshika Agata mkono, wakatoka.

Nimesema kweli. Kama inawauma, wajikune.

Jumapili, 8 Juni
Sabina hakuja misa ya kwanza. Alikwenda ya pili, kama mgeni. Miaka thelathini na sita tumekaa benchi moja. Benchi lilikuwa na nafasi. Nikaweka mkoba wangu hapo.

Alhamisi, 12 Juni
Yule mwalimu mstaafu wa Bukoba amekuja kununua mbolea ya sungura. Anavaa soksi na kandambili. Kusoma kote huko.

"Shikamoo bibi." Marahaba. Kisha akaanza kufundisha bila kuombwa. Habari za jumuiya zimemfikia, huu mtaa hauna siri. Eti weusi unaficha. Sungura mweusi anaweza kubeba majivu ndani na asionekane. Akikutana na mwenzake aliyebeba vilevile, baadhi ya watoto wanatoka majivu. Lazima yatoke pande zote mbili, baba na mama.

Nikamwambia dume langu halijaficha kitu, nalijua kuliko anavyomjua mkewe.

Akacheka, mpumbavu. Akasema nimpulizie manyoya mtoto wa Sabina. Watoto wa dume la rangi ya porini, wengi unywele wao una pete: chini kijivu, katikati kahawia, ncha nyeusi. Rangi ya porini haijifichi. Kama hana pete, huyo dume asisingiziwe.

Nikampa mbolea yenye majani mengi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepita uani kwa Sabina akiwa sokoni. Sikuiba kitu. Nikamtoa yule wa majivu, nikampulizia. Manyoya yakafunguka mpaka ngozi. Majivu juu, majivu chini. Hakuna pete.

Haithibitishi chochote. Mwalimu anaweza kuwa mwongo.

Na mimi nina jike jeusi, mtoto wa Padri mwenyewe na mimba ya Padri huyo huyo, amebakiza siku nne azae. Banda langu lina kufuli na ufunguo unalala shingoni kwangu pamoja na rozari. Watatoka weusi watupu. Nitawabeba kwenye kikapu niwatembeze mtaa mzima, mwalimu wa kwanza.

Jumatano, 18 Juni
Jike langu limezaa. Saba. Uchi na waridi kama vidole vya mtoto. Rangi bado.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Kasiani ameleta umbeya akijifanya anaomba chumvi. Sabina anahamia Madaba kwa mwanawe. Ameshaanza kufunga mizigo. Anaondoka Jumamosi ijayo pamoja na Agata, kwa sababu mtoto hawezi kukulia mahali anaponyooshewa kidole.

Aende. Madaba kuna baridi kuliko hapa na mkwewe hajui kupika.

Ugali nimeuacha nusu.

Jumanne, 24 Juni
Weusi watano. Wawili majivu.

Nimehesabu mara tatu. Nimekagua kufuli, waya, chini ya sakafu. Hakuna hata tundu la panya.

Shimo la taka liko hatua kumi kutoka bandani. Niliwachukua wale wawili, mmoja kila kiganja. Hakuna aliyeona. Nikafika shimoni. Walikuwa wanatafuta ziwa kwenye vidole vyangu.

Hapo nikakumbuka lile shamba la Maposeni. Mwaka mmoja upepo ulitia njano kwenye mahindi yangu meupe. Mwaka uliofuata nikachambua punje za njano tupu, nikapanda hizo. Nikavuna magunzi ya njano yenye punje nyeupe katikati. Weupe haukuwa umekufa. Ulikuwa umekaa kimya ndani ya njano. Nililiona kwa macho haya, nikatukana mbegu, nikasaga unga.

Nimewarudisha kiotani. Mwalimu alisema kweli. Soksi na kandambili, na alisema kweli. Inaniudhi.

Alhamisi, 26 Juni
Jumuiya. Sabina hakuja. Kabla ya chai nilisimama, wakadhani nataka kuongoza wimbo. Nikasema: majivu ni ya dume langu na yako kwangu pia, wawili, anayetaka aje aone. Lile neno la wenye nyumba lilikuwa chafu na nililitoa mimi. Nikakaa. Chai ilikuwa ya maji.

Jumamosi, 28 Juni
Nilikwenda asubuhi na kikapu kitupu. Agata alinifungulia. Nikamwomba msamaha, yeye kwanza. Akaitikia kwa kichwa tu. Ana haki.

Sabina alikuwa anakunja blanketi. Habari za Alhamisi zilikuwa zimemfikia. Akauliza nataka nini.

"Nimekuja kuchagua wangu."

"Chukua mweusi."

"Nataka wa majivu."

"Si ulisema ana baba mwingine?"

"Baba yake yuko kwangu."

Akaenda uani, akarudi naye, akamweka kikapuni. Hakusema karibu. Furushi lao kubwa lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kanga. Nikalikalia.

Gari la Madaba lilikuwa saa nne. Saa nne ikapita. Agata akawasha jiko.