Ganda Jekundu la Ponso

Mpendwa Shangazi Charing,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi Jomar anakuja nyumbani kwangu na msumeno, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aje.

Mimi ni fundi viatu hapa Marikina, mtu mzima mwenye wajukuu, na huenda utacheka ukisikia kwamba kinachoninyima raha ni bunduki ya mchezo, zile zinazorusha gololi ndogo za plastiki, lakini nisikilize kwanza. Kikosi chetu kilianza zamani, wakati sote tulipokuwa na nywele, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza tulijazana kwenye gari la rafiki yangu Ponso, tukanunua mikate ya pandesal ya moto njiani, tukapanda hadi Montalban kwenye kiwanda cha vigae kilichofungwa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mkate na mafuta ya bunduki kwa pamoja najiona niko kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, nimebanwa na mabegi, Ponso anaimba vibaya. Katika mchezo wetu hakuna mwamuzi, na gololi haiachi alama kwenye nguo, kwa hiyo ukipigwa unainua mkono mwenyewe, unasema "Nimepigwa!" na unatoka, na mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hilo, nimewahi kumrudisha mtu nyumbani kabla ya chakula kwa sababu alipigwa akanyamaza.

Bunduki yangu ni shotigani ya pampu, ukivuta pampu mara moja inarusha gololi tatu kwa mpigo, na haitumii magazini ndefu za kutilia gololi kama za wenzangu, inatumia ganda, yaani kimagazini kidogo chenye umbo la risasi ya shotigani ya kweli, ambacho unakisukuma kwa kidole gumba tumboni mwa bunduki, chini ya kifuniko, mpaka kilie tak. Ganda huisha haraka, na Ponso ndiye aliyeanzisha utaratibu kwamba kila mwanakikosi awe na ganda lake, alijaze kwa mkono wake asubuhi na kunikabidhi kabla ya filimbi. Luring, daktari wetu wa meno, aliyapaka alama kwa rangi zake za kucha, lake zambarau, la Ponso jekundu, na kila mtu alinikabidhi lake kwa neno lake. Luring alikuwa akisema, "Shika, Minyong, na leo usiupige tena ule mti, mti wa watu haujakukosea kitu." Ponso alikuwa akisema, "Langu liweke la mwisho, ukikwama ndiyo unikumbuke." Na mchana tulipotandika majani ya migomba tukala wote kwa mikono, aliyepewa tumbo la samaki wa kuchoma, bangus, pale penye mafuta, hakuwa mimi niliyemtoa kamanda wa wapinzani, alikuwa mwenye ganda lililomtoa, na Ponso alikuwa akilila huku amefumba macho ili kutuudhi.

Ponso alifariki mwaka juzi, moyo ulisimama akiwa kazini. Jumapili ya mwisho mvua ilivunja mchezo kabla sijafika kwenye ganda lake, kwa hiyo bado ninalo, limejaa vilevile alivyolijaza.

Mwaka jana nikapata kiharusi, si kikubwa, mguu umerudi, mdomo umerudi, kidole gumba cha kushoto hakijarudi. Kazini kiatu nakibana kwa goti. Pampu naivuta kwa kiganja bila taabu, lakini ganda siwezi kulisukuma ndani, na mkono wa kulia ndio unaoishika bunduki. Anayejua ni mke wangu Belen peke yake, wenzangu nilipokosekana niliwaambia kazi zimezidi, na siku niliyorudi Montalban ganda lilinidondoka kwenye matope tena na tena, nikatoka nikasema bunduki imekwama. Jomar, mtoto wa Ponso, ambaye sasa ndiye anayetuongoza na anajua kuchonga vipuri vya plastiki, akaniuliza, "Baba Minyong, tukusaidie nini?" Nami badala ya kusema kweli nikasema maganda yamepitwa na wakati, nataka bunduki ipokee magazini ndefu kama za wengine, maana magazini ndefu naweza kuipachika kwa kiganja. Akafurahi, akachora, akachonga kipande, akaniambia itabidi tumbo la bunduki likatwe ili kipande kikae na kugandishwa kwa gundi, na likishakatwa ganda halitaingia tena kamwe. Nikasema sawa, nitamwambia nini mtoto wa Ponso aliyejitaabisha kwa ajili yangu?

Juzi tulikutana kula tambi za pancit na habari zikawafikia wote. Luring akaniambia, "Kumbe siku hizi maganda yetu ni takataka?"

Nikamwambia, "Si hivyo, Luring, ni mambo ya kasi tu."

"Kasi? Wewe na kasi mmekutana wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alilitoa ganda lake la zambarau kwenye mfuko wa maganda niliouweka mezani akalitia kwenye mkoba wake, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiondoka nalo, maana maganda yote hukaa kwangu.

Shangazi, nimkatalie Jomar nimvunje moyo? Nikubali, ganda la Ponso libaki kabatini lisipigwe tena? Au niiuze bunduki niseme umri umefika? Belen anasema nikuandikie, amechoka kunisikia nikishusha pumzi usiku.

Mwenye Pampu, Marikina

JIBU

Mwenye Pampu,

Kabla ya kupewa safu hii niliripoti habari za mahakamani kwa miaka mingi, na huko nilijifunza kwamba mtu akieleza jambo kwa urefu, mara nyingi shida yake iko kwenye sentensi aliyoipita mbio. Umeeleza rangi za kucha, umeeleza samaki. Kwamba wenzako hawajui habari za mkono wako umelisema kwa pumzi moja, kisha ukarukia matope.

Pole kwa kiharusi na pole kwa Ponso. Sasa nisikilize.

Nianze na bunduki, kwa kuwa ndiyo rahisi. Sijui shotigani za mchezo, kwa hiyo nilimpigia mtu wa Cavite anayezitengeneza, nikamsomea maelezo yako. Akaniuliza, "Anakata kwa nini?" Anasema kijana anaweza kuchonga kipande chenye umbo la ganda, kiingie palepale ganda linapoingia, na magazini ndefu ishikwe na kipande hicho kwa chini. Kifuniko kitabaki wazi kikining'inia na bunduki itakuwa mbaya kuitazama. Ukitaka ganda, unachomoa kipande, unaweka ganda. Hakuna msumeno wala gundi. Kwa hiyo badilisha bunduki yako. Huo si usaliti kwa marehemu, na mtu wa umri wako hahitaji ruhusa ya gazeti kurekebisha chombo chake ili akitumie.

Jambo la pili alilosema hukuniuliza, lakini nitakupa. Ganda likikaa limejaa, springi yake imebanwa muda wote, na springi iliyobanwa hulegea. Ganda unalolihifadhi kabatini kama kumbukumbu linaharibika humohumo kabatini. Ponso alilijaza lipigwe.

Sasa nikugombeze. Ulimwambia Jomar kwamba maganda yamepitwa na wakati. Huyo ni kijana ambaye baba yake ndiye aliyeanzisha desturi ya maganda. Alikusikia ukiitupa kazi ya baba yake, akakuonyesha furaha, akaenda kukuchongea kipande. Unaogopa kumvunja moyo Jumamosi. Ulishamvunja, naye kwa adabu hakukuonyesha. Luring naye umemwacha aondoke na ganda lake akidhani urafiki wenu umekuchosha, wakati kilichochoka ni kidole kimoja. Na ungemwacha aendelee kudhani hivyo, kwa sababu unaona afadhali uitwe mwenye dharau kuliko kuitwa mgonjwa. Hesabu gani hiyo?

Ulikuwa ukiwafukuza uwanjani wanaopigwa wakanyamaza. Wewe umepigwa tangu mwaka jana. Unazunguka umeficha mkono mfukoni, unasema bunduki imekwama. Kama angekuwa mtu mwingine, ungekuwa umeshamrudisha nyumbani bila chakula.

Unadhani utakuwa mzigo ukimwomba mtu akusukumie ganda. Soma tena barua yako mwenyewe. Ni lini uliwahi kuijaza bunduki hiyo peke yako? Tangu siku ya kwanza imejazwa kwa vidole vya watu wengine, na walipokukabidhi maganda walikutania, na tumbo la samaki walikula wao. Ulikubali hayo yote miaka yote bila kuona aibu. Kilichobaki ni kidole kimoja tu cha kuongeza, cha kulisukuma ganda mpaka lilie.

Usiiuze bunduki. Usimpigie Jomar simu kuahirisha. Ukiahirisha utatunga uongo mwingine, na wewe uongo huuwezi, hata ule wa kasi umekushinda. Mwache aje Jumamosi kama mlivyopanga. Mwambie Belen akae hapohapo chumbani, maana anakujua na atakuona ukianza kukwepa. Kabla Jomar hajafungua begi la vifaa, mpe ganda jekundu mkononi. Mwambie nani alilijaza na lini. Kisha lichukue, lielekeze tumboni mwa bunduki, weka kidole gumba chako juu yake, jaribu kulisukuma, na umwache aone likishindikana. Hutahitaji kueleza sana baada ya hapo. Halafu umwambie habari za kipande kisichohitaji kukata, na umwombe msamaha kwa lile neno ulilolisema kuhusu maganda.

Jumapili nenda Montalban. Luring mwambie wewe, kwa mdomo wako, na umwombe ganda lake. Atakutukana kwanza. Vumilia, ni haki yake.

Na mkishapanga mstari, kabla ya filimbi, inua mkono wa kushoto kadiri unavyoinuka na useme neno ambalo umewalazimisha wengine kulisema maisha yako yote. Safari hii hutoki uwanjani. Utasimama hapohapo, Jomar ubavuni kwako, alisukume ganda la baba yake ndani mpaka lilie tak. Safari hii liwe la kwanza. Ponso alisema umkumbuke ukikwama, na umekwama vya kutosha.

Upige chochote utakachokiona, hata ule mti. Tumbo la samaki mpe Jomar.

Shangazi Charing